Alipanda Mengo Miguu Imetulia

Kila mtu akisikia mimi ndiye niliyeunda ile baiskeli ya umeme, ananiuliza swali lile lile: inalipa? Kwa bei ile, na mawaya yale yote, na usumbufu ule, inalipa kweli? Na mimi hasira inapanda, maana anataka nimjibu kwa neno moja kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Wacha nikueleze vile ilikuwa, halafu hesabu utapiga mwenyewe.

Wazazi wangu ni wa kutoka Kenya, upande wa magharibi. Baba alikuja Kampala kutafuta kazi ya stoo vita vya themanini na sita vilipoisha na mji ukaanza kufunguka tena, akamleta mama, wakanizaa hapa hapa Namuwongo, karibu na reli. Shule niliiacha njiani. Mambo ya umeme nilijifundisha mwenyewe kwa kufungua simu zilizokufa na kutazama video za watu ambao lugha yao siielewi, nikifuata mikono yao tu. Nimeungua vidole mpaka alama zake zimegoma kutoka.

Rafiki yangu ni Mnubi, wa ukoo wa wale askari walioletwa zamani na Waingereza kutoka Sudan. Tulikua ukuta kwa ukuta. Kwao wanaongea Kinubi, kwetu Kiluhya, na hapo katikati tukakutana kwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa maneno mengi na ngumi karibu. Yeye ni mpole, anacheka kwa pua. Mtu akimgusa yeye amenigusa mimi, na mimi breki sina. Hivyo ndivyo tumekuwa tangu tukiwa na kamasi.

Kazi yake ilikuwa mikate. Bekari iko huku chini kwetu, lakini wateja wake walikuwa juu kwenye kilima cha Mengo, vile viduka vidogo vya barabara za nyuma, upande ule wa ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka. Akitoka kuswali alfajiri, bado yuko na kanzu, anafunga kreti za mikate kwenye keria, anapanda. Baiskeli ilikuwa ile nyeusi nzito ya gia moja ambayo Waganda wanaiita nguvu za kifua. Na kifua ndicho kilichokuja kumgeuka.

Kilianza kwa filimbi. Akipumua unasikia kitu kinapiga mluzi ndani, kama birika iliyo mbali. Halafu miguu ikavimba. Daktari akamwambia moyo umekuwa mkubwa na umechoka. Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi, na mlima asipande.

Mlima asipande! Mkate wake wote ulikuwa juu ya mlima. Mwenye bekari akamwambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi, kwamba akishindwa njia ile itapewa mtu wa pikipiki. Na nyumbani kuna mama yake, mjane, anayesuka vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi ambavyo Wanubi wanajua kusuka, na vifuniko havinunuliwi kila siku. Mimi nikamwambia anunue pikipiki naye. Akasema moshi wa pikipiki ukimwingia usoni kifua kinafunga kama mlango. Na ni kweli, nilishamwona akiwa nyuma ya boda kwenye foleni, akigeuka rangi.

Ndiyo nikamwambia, "Nitakutengenezea kitu ambacho hakina moshi na hakina jasho."

"Wewe Mkenya," akasema, "redio ya mama bado inaongea na stesheni mbili kwa pamoja tangu uitengeneze."

"Hiyo ni bonasi."

Akacheka kwa pua, lakini akakubali. Alikuwa hana kwingine.

Wacha niseme ukweli kuhusu gharama, maana watu wanadanganyana. Mota yenyewe, ile inayokaa ndani ya gurudumu, tuliipata imetumika. Lile kasha linalopima umeme kwenda kwenye mota, kontrola, tukanunua mara mbili kwa sababu ya kwanza niliichoma. Betri nilitoa seli ndani ya betri za laptopu zilizotupwa, moja moja, napima, natupa, napima. Mama yake akauza vifuniko vyote alivyokuwa amemwekea mwanawe kwa siku ya harusi yake. Alivipanga juu ya kitanda, akavitazama, akavifunga ndani ya shuka, akasema, "Bibi harusi mwenyewe hajaonekana. Chukueni." Hiyo ndiyo bei. Ukinitajia bei nyingine utakuwa unaniambia habari za dukani.

Katwe, mtaa wa mafundi, tulimpata fundi wa kuchomelea, mtu mnene mwenye miwani nyeusi hata kwenye kivuli. Akaizunguka baiskeli yetu na mawaya yake.

"Mnataka nichomelee baiskeli ama friji?"

"Chomelea keria, wacha maswali," nikamwambia.

"Sawa, Mkenya. Lakini hii kitu ikilipuka, mimi nilichomelea keria tu. Mutoto wa Kinubi, wewe ni shahidi."

"Mimi ndiye nitakuwa nimekaa juu yake, ssebo," rafiki yangu akasema. "Nitashuhudia kutoka wapi?"

Fundi akacheka mpaka akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa, na alipomwangalia rafiki yangu bila ile miwani kicheko kilikwisha. Akamwangalia sana. Akasema tu, "Uende pole pole." Sikupenda vile alivyosema, nikamlipa tukaondoka.

Siku ya kwanza nilimfuata nyuma kwa baiskeli yangu ya kawaida. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, ule ukungu mzito wa asubuhi unaonuka moshi wa mkaa na maji ya mtaro. Mpaka chini ya mlima tulikuwa pamoja. Halafu barabara ikainuka, mimi nikasimama juu ya pedali kama kila mtu, na yeye akazungusha mkono wake kidogo tu kwenye mshikio, kama mtu wa pikipiki, akaanza kuniacha.

Miguu yake ilikuwa imetulia.

Mimi ndiye niliyeiunda. Najua kila waya. Na bado niliogopa. Ukungu ulikuwa umefunika magurudumu, kwa hiyo baiskeli haionekani, unaona mtu tu, kanzu nyeupe, amekaa wima, anapanda mlima bila kufanya chochote, kama kuna kitu huko juu kinachomvuta. Cheni haikulia. Kreti hazikulia. Na kile kilichonitisha zaidi, nikakijua baadaye nilipokuwa nimelala, ni kwamba sikusikia ile filimbi. Mimi nilikuwa nimezoea kumsikia kabla ya kumwona, maana kifua kile ndicho kilikuwa kengele yake. Sasa kifua kimepumzika, na rafiki yangu hana sauti.

Kulikuwa na mbwa kwenye kona ya karakana moja, mbwa mkorofi, alikuwa anamfokea kila asubuhi. Siku hiyo aliinuka, akamtazama akipita, akarudi kinyumenyume mpaka chini ya kibanda. Hata hakulia.

Nilipofika juu natweta kama ng'ombe, yeye alikuwa ameshasimama kwenye duka la kwanza. Lile duka lilikuwa la mama mmoja Muganda, mzee lakini imara, anauzia kwenye dirisha lenye wavu. Alikuwa mteja wake mkubwa, na maduka mengine yalikuwa yanamfuata yeye. Huyo mama kila siku alikuwa wa kwanza kumwamkia: "Gyebale ssebo!" Kama hujakaa na Waganda, ssebo ni bwana, na gyebale ni salamu wanayompa mtu aliye kazini. Analima, anabeba, anasukuma, humjui hata jina, unampa gyebale yake. Ni pole na asante kwa pamoja. Hapa Kampala hata mwizi akisukuma mkokoteni mlimani atapewa gyebale.

Siku hiyo mama alikuwa ameinama anapanga sabuni. Akainua macho, rafiki yangu yupo dirishani. Hakupiga kelele. Aliweka mkono kifuani, akamtazama paji la uso. Nilimwona akilitazama paji lile, kavu kabisa kama ukuta. Mdomo wake ulifunguka kusema ile salamu, halafu ukafunga. Akachukua mikate, akaibonyeza kwa kidole mmoja baada ya mwingine, akageuka ndani.

"Amechoka leo," rafiki yangu akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Amechoka."

Lakini kesho yake ilikuwa hivyo, na kesho kutwa. Kila duka. Watu wanainua macho, yupo. Hawakusikia mguu wala pumzi. Wanatafuta jasho usoni kwake hawalioni, na salamu inawafia mdomoni, maana utamshukuru kwa kazi gani mtu ambaye hakufanya kazi? Na mtu aliyefika juu ya ule mlima bila kufanya kazi amefikaje? Wakaanza kupunguza mikate. Huyu ana ya jana, yule watoto wamesafiri. Kreti zikawa zinarudi chini zimejaa nusu. Mwenye bekari akaanza tena upole wake.

Na nyumbani nako ile kitu haikutulia. Umeme Namuwongo ni wa kuja na kuondoka, kwa hiyo betri ilikuwa inachajiwa kila nafasi inapopatikana, ndani, chumbani, taa yake ndogo ya kijani ikitazama watu. Mama yake aliigeuzia ukutani. Jioni moja, watu wako nje wanakunywa chai, tukasikia kitu ndani kinavuma. Tukaingia. Baiskeli imesimama kwa stendi yake, hakuna mtu, na gurudumu la nyuma linazunguka. Taratibu, halafu haraka, halafu taratibu, kama mtu anayejaribu njia. Waya wa ule mshikio wa kuongeza kasi ulikuwa umeingia unyevu, hiyo tu, nikauchomoa. Mama yake alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Kitu chenu kimeamka," akasema.

"Mama, ni unyevu."

"Nimesikia, mwanangu. Ni unyevu." Akaenda kulala kwa jirani.

Pale Mengo kuna stendi ya boda chini ya kona. Vijana wa pale wakaanza. Mimi nilikuwa napita na mfuko wa vifaa vyangu, mmoja akaita.

"Mkenya! Yule maiti wako amepita?"

Nikasimama. "Rudia."

"Nasema maiti wako. Mutu anapanda mulima hapumui, hatoki jasho, asubuhi mapema, nguo nyeupe. Sisi tunawajua watu kama hao. Usiku wanachimba."

Unajua alikuwa anamaanisha nini. Wale wachawi wanaosemekana kucheza makaburini na kula walichokuta. Wenzake wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi na mmoja alijifunga koti. Walikuwa wanaogopa kweli. Mimi sikungoja. Nilimpiga kwa mfuko wenye spana ndani, tukaanguka wote juu ya pikipiki yake, na kama si rafiki yangu kutokea na kunivuta kola, sijui.

"Umempiga kwa nini?" akaniuliza tukishuka.

"Amekuita maiti!"

"Sasa umewaonyesha kwamba maiti ana askari."

Nikacheka nikiwa na damu kwa meno. Yeye hakucheka. Akasema, "Hawanisalimii, unajua? Nikiwasalimia mimi kwanza, wanaangalia nyuma yangu."

Baada ya siku chache mikate ikaanza kununuliwa tena, kidogo kidogo. Nikafurahi, nikajua wamezoea. Halafu asubuhi moja nilipitia njia ya chini nikamkuta kwenye bomba la maji kabla ya kona ya maduka. Baiskeli ameiegemeza. Anajimwagia maji usoni, anayaacha yashuke kwenye shingo, anajitazama kwenye kioo cha pembeni tulichofunga. Halafu akaanza kutweta. Alifungua mdomo, akainua mabega, akashusha. Akasimama, akajitazama, akaanza upya, kwa nguvu zaidi. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuchoka.

Sijawahi kuona kitu kilichonipa baridi kama kile. Mtu mgonjwa wa kifua, amepata dawa ya kutochoka, anajifundisha tena.

"Unafanya nini?"

Hakushtuka. "Natoka jasho."

"Hayo ni maji ya bomba."

"Wao hawaonji."

Nikamfuata. Alipofika kwenye kona, pale mlima unaposimama kama ukuta, akanyoosha kidole akazima mota. Akasimama juu ya pedali, na kreti zote zile, akaanza kukanyaga kwa miguu yake iliyovimba. Nikakimbia pembeni yake.

"Washa! Una kichaa? Sehemu mbaya kuliko zote ndiyo unazima?"

"Ndiyo sehemu," filimbi imerudi, "wanayoona."

Na dirishani yule mama, bila kutabasamu sana, akasema, "Gyebale ssebo." Rafiki yangu akafurahi kama mtoto. Mimi nilitaka kuivunja ile baiskeli palepale. Tulikuwa tumeuza harusi yake tukanunua mashine ya kumpeleka mpaka kwenye sehemu itakayomuua.

Tuligombana siku nzima. Nikamwambia awaambie tu watu: hii ni mota, hii ni betri, njooni muone. Akasema aliwaambia, aliwafungulia hata kifuniko. Walitingisha kichwa, wakasema wameelewa. "Wameelewa," akasema. "Lakini kuelewa si kusikia mtu akija."

Halafu mvua ikanyesha, mvua ya asubuhi inayokuja na giza lake. Kontrola nilikuwa nimeifunga chini karibu na pedali, kosa langu la kujifundisha kwa video za nchi zisizo na barabara za matope. Maji yakaingia. Ikawa inashtuka, inavuta, inaacha. Nikamwambia asiondoke mpaka niikaushe. Nilipokwenda kwangu kuchukua vifaa, akaondoka. Mikate haingojei.

Nilimkimbiza. Mvua ilikuwa imepungua na ukungu umeshuka tena, barabara haionekani mbele. Sikumwona. Nilisikia tu, kutoka juu, sauti za watu. Mwanamke mmoja, halafu mwanaume, halafu wengi, dirisha hadi dirisha, mlango hadi mlango, kama watu wanaitikia kanisani.

"Gyebale!"

"Gyebale ssebo!"

"Gyebale nnyo!"

Mota ilikuwa imekufa katikati ya mlima. Na mota ya namna ile ikifa haikuachi hivi hivi, inakuwa mzigo, gurudumu linakuwa zito kama linakanyaga gundi. Alikuwa anaisukuma kwa mikono, na mikate, na betri, na mvua. Watu walikuwa wametoka chini ya mabati yao. Nilipowafikia niliona nyuso zao, na nyuso hizo bado naziona. Walikuwa na furaha. Si furaha mbaya, ndiyo inayonitesa. Walikuwa wamefarijika, kama watu ambao ndugu yao amerudi. Wamemwona anainama, wamemsikia anahema, kwa hiyo ni mtu. Wakamimina gyebale zao zote walizomnyima. Na salamu inataka jibu, ndiyo adabu, naye mama yake alimlea kwa adabu. Kila mmoja akamjibu kwa Luganda, haya bibi, haya bwana. "Kale, nyabo." "Kale, ssebo." Kila jibu lilikula pumzi moja, na pumzi hazikuwa nyingi. Midomo yake ilikuwa rangi ya jivu.

Mbele ya duka la yule mama akaiegemeza baiskeli ukutani kwanza, kwa uangalifu, mikate isianguke. Halafu akateremka yeye, akiteleza na ukuta.

Mimi sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nilikuwa nimemshika na ninapiga kelele. "Mmefurahi sasa? Mlikuwa mnataka jasho, si hilo hapo? Njooni mnywe!" Watu wakarudi nyuma. Yule mama peke yake akatoka na kigoda na kikombe cha maji, akapiga magoti kwenye matope.

"Nyamaza wewe. Mushike kichwa."

"Usimguse! Ninyi ndio mmemuua!"

"Hajakufa. Mushike kichwa, nimesema!"

Nikashika. Akamfungua kanzu shingoni, akampepea kwa kipande cha boksi la sabuni, akatuma mtu aite gari. Na tukiwa tunangoja, filimbi inapiga, inakata, inapiga, akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Unajua Kiswahili hiki mimi nilijifunza wapi? Vizuizi vya barabarani. Wakati ule wa utawala wa askari, ukikosa kuwajibu kwa Kiswahili unapigwa. Siku walikuja kuchukua bwana wangu, gari walizima injini kule juu. Likashuka lenyewe. Mimi nilikuwa hapa hapa, ninapika chai. Hakuna kitu nilisikia. Ninainua macho, watu wako dirishani. Wakavu, wasafi. Mmoja anasema, habari ya asubuhi, mama."

Akampepea.

"Bwana wangu sikumuona tena. Sasa huyu mutoto, mimi ninamupenda, lakini anatokea kwa dirisha langu bila kusikika, mukavu, na anasema nini? Habari ya asubuhi, mama."

Mimi nikaendelea kushika kichwa cha rafiki yangu. Alikuwa anasikia. Alifungua macho akamtazama yule mama, akataka kusema, mama akamwekea kiganja mdomoni. "Usijibu. Leo usijibu mutu."

Alilazwa, maji yakatolewa mwilini, akarudi nyumbani amekonda. Njia yake niliishika mimi kwa baiskeli ya kawaida, nikimwambia mwenye bekari kwamba akimpa mtu mwingine tutaonana. Mama yake alitaka ile kitu iuzwe. Akasema imekula vifuniko vyake vyote na karibu imle mtoto. Nikamwambia haikumwangusha baiskeli, iliyomwangusha ni siku baiskeli ilipokataa.

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema.

Na sikumshinda, hata leo sijamshinda. Kitu cha miguu kikikataa unajua mapema, mguu unakuambia. Kitu cha waya kinakufundisha kukitegemea, halafu kinachagua siku.

Lakini mwenyewe kitandani alikuwa na neno moja tu. "Ukiitupa, nitakutupa wewe." Basi nikaifumua yote. Kontrola nikaihamishia juu chini ya kiti, nikaifunga na mpira wa tyubu na nta ya mshumaa. Nikaimwagia ndoo ya maji mara nyingi kuliko Mkristo anavyobatizwa. Na kwa sababu ya maneno ya yule mama nikaenda Katwe, fundi wa miwani akanikatia mabati madogo, tukayatundika kwenye gurudumu. Yalipiga kelele kama harusi ya vikombe. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Tukampelekea yule mama asikie. Akasikiliza, akatingisha kichwa.

"Toa hii takataka. Hata wale waliomchukua bwana wangu walikuwa na honi. Kengele, bati, kila mutu anaweza kufunga. Mimi nataka nimusikie yeye."

Nikataka kuwaka. Rafiki yangu akanishika mkono. "Ngoja," akasema. Akafikiri. "Mama, nikiita kutoka chini utasikia?"

"Una pumzi ya kuita?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. Kwa ile baiskeli nyeusi bila mota asingeweza. Hakuna mtu wa kifua kile anaweza kukanyaga ule mlima na kuita kwa pamoja. Lakini mota ikibeba mlima, kifua kinabaki na kazi moja.

Sasa anaita. Anaanzia chini kabisa, kwa Luganda yake ya Kinubi inayochekesha watoto: "Emigaati gizze!" Mikate imekuja. Na kutoka juu, ndani ya nyumba, kabla hajaona kitu, yule mama anajibu, "Nkuwulidde!" Nimekusikia. Halafu duka la pili, halafu la tatu. Kreti zinarudi tupu. Betri inazeeka, najua. Seli zingine zimeanza kufa moja moja na nitatafuta nyingine, na mvua kubwa ikinyesha namkataza kutoka na tunagombana. Kifua hakijapona, daktari amesema hakitapona. Kinashikiliwa tu.

Asubuhi za ukungu namsindikiza mpaka chini ya mlima. Anazungusha mkono, miguu inatulia, kanzu inaingia kwenye weupe na kupotea. Husikii gurudumu, husikii cheni. Inabaki sauti peke yake, inapanda mlima bila mtu, inapita karakana, inapita bomba, inafika kwenye kona. Kati ya mwito mmoja na mwingine kunakuwa kimya, na mimi nasimama pale chini, mguu mmoja kwenye pedali, mpaka nisikie tena.